Bi Gramu na Karatasi ya Idhini

Sokoni walimwita Bi Gramu, na si kwa mapenzi. Alikuwa afisa wa vipimo, kazi ambayo wengi hawajui kama ipo mpaka siku mwanamke mfupi mwenye sanduku la mbao anapoingia dukani na kusema, "Habari za kazi, naomba mizani yako." Ndani ya sanduku mlikuwa na mawe yake ya shaba, kuanzia la kilo tano mpaka lile dogo kama kifungo cha shati, kila moja limelala kwenye kishimo chake. Aliyashika kwa kitambaa, kamwe si kwa vidole vitupu, maana jasho la kidole nalo lina uzito. Mizani ikiwa sawa aliifunga waya na kuigonga mhuri wa mwaka. Ikiwa na kasoro aliifungia, na mwenye duka abembeleze, alete soda, akumbushie undugu, haambulii kitu.

"Gramu tano tu dada yangu," muuza sukari mmoja aliwahi kumlilia. "Zimeniponyoka."

"Mbona zote zimeponyokea upande wako," alimjibu, na kuendelea kuandika.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole mwenye mkono mwepesi na kicheko cha karibu. Kasoro yake ilikuwa moja: neno hapana lilimkwama kooni. Wateja watatu wakimwita saa ileile, aliwaitikia wote watatu. Na mtu aliyemshinda zaidi ya wote alikuwa mama yake mzazi, aliyeishi nao chumba cha nyuma tangu alipostaafu.

Mama huyo alikuwa nesi miaka thelathini na minne, mingi ya hiyo katika wodi ya wanaume, na mtaa mzima ulimwita Sista. Alikuwa mrefu, mnyoofu, mwenye nywele ndefu za mvi zilizomfika kiunoni. Kila asubuhi alikaa mlangoni kwake, akazipaka mafuta, akazichana, akazisuka msuko mmoja mnene, na kazi hiyo ilimchukua muda wa kutosha chai kupoa. Mkwe wake alimheshimu. Wote wawili walikuwa watu wa kufuata utaratibu, na kwa miaka mitatu ya mwanzo walipatana kuliko walivyotegemewa.

Mambo yalianza Bi Gramu alipokuwa na mimba ya miezi minane. Walikuwa mezani watatu, sahani zimeshaondolewa, Sista akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayekumbusha chanjo, "Akiwa wa kiume tumpeleke tohara mapema. Kabla ya miezi miwili ndiyo nafuu."

"Nafuu ya nini, mama?" Bi Gramu aliuliza.

"Afya. Usafi. Njia ya mkojo haiugui ovyoovyo. Na akikua, ule ugonjwa mkubwa unampata kwa shida. Utafiti umefanywa, si maneno yangu."

Bi Gramu alikuwa amesoma. Tangu mimba ilipotimiza miezi mitatu alisoma kila alichokiona, na aliulizia kliniki mpaka wakunga wakaanza kumkwepa. "Kwa watoto mia wa kiume," alisema, "wangapi huugua njia ya mkojo mwaka wa kwanza?"

"Wapo."

"Mmoja hivi. Kwa hiyo tunakata mia ili tumkinge mmoja, ambaye naye kuna dawa za kumtibu."

"Omba Mungu huyo mmoja asiwe wako."

"Na ule ugonjwa mkubwa kwa njia hiyo unampata mtu mzima, si mtoto wa kunyonya. Mtu mzima ana mdomo. Ataulizwa, atasema ndiyo au hapana."

"Mtu mzima anaogopa," Sista alisema. "Anaahirisha leo, anaahirisha kesho, mpaka yakamkuta. Mtoto ni dakika kumi, wiki moja kidonda kimekauka, na hakumbuki kitu."

"Kutokumbuka si kukubali, mama."

Sista alikunja kitambaa cha meza mara mbili kabla ya kujibu. "Wewe umesoma makaratasi, mwanangu. Mimi kuna miaka nilikuwa naingia kazini asubuhi nakuta vitanda viwili vitatu vinangoja shuka za kuwafunika. Vijana wa miaka ishirini na tano. Nimewaosha kwa mikono hii. Ningepewa kitu cha kuwapunguza wale, hata kwa wawili watatu, nisingeuliza ni asilimia ngapi."

Hapo Bi Gramu hakubishana, kwa sababu neno lile lilikuwa zito na yeye hakuwa mtu wa kudharau uzito. Akamgeukia mumewe. Fundi alitazama dari, akatazama mikono yake, kisha akasema, "Mtoto ataamua mwenyewe akikua."

"Haya," Sista alisema. "Mtoto ni wenu."

Kwa Bi Gramu jambo hilo lilikuwa limeshagongwa mhuri.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mzito, mwenye mashavu. Alipofikisha wiki ya saba, mama yake angali likizo ya uzazi, mahakama ikamwita kutoa ushahidi juu ya mizani aliyoifungia mwaka uliopita. Alikamua maziwa ya chupa tatu, akamwachia Sista mtoto, akaondoka asubuhi. Hakimu alichelewa, wakili akaomba muda, na Bi Gramu alirudi nyumbani saa tisa alasiri matiti yakimuuma.

Nyumba ilikuwa kimya. Mtoto alilala kifudifudi kifuani kwa bibi yake, na chumba kilinukia spiriti. Bi Gramu alimchukua, akamlaza kitandani, akafungua nepi. Akaona bandeji nyembamba iliyopakwa mafuta ya mgando, na doa dogo la damu lisilozidi punje ya mchele.

"Nimekuondolea mzigo," Sista alisema nyuma yake. "Amechomwa ganzi, amelia kidogo, nikampa maji ya sukari kwenye kidole, kwisha. Yule tabibu nimemfundisha mwenyewe, mkono wake ni safi."

Bi Gramu hakupaza sauti. "Nani alikubali?"

"Mimi ni bibi yake."

"Nimeuliza nani alikubali."

Sista alizikusanya chupa tupu za maziwa, akaenda kuziosha. Jioni fundi aliporudi na kuambiwa, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama, ungetuambia basi," alisema. Sista alimtazama mwanawe kwa kitambo, kisha akaingia chumbani kwake. Bi Gramu alimwamini mumewe. Alimwonea hata huruma, mtu wa watu, kubanwa katikati ya wanawake wawili.

Siku zilizofuata alikisafisha kidonda mwenyewe, kila alipobadilisha nepi, na hapo ndipo alipogundua ndani yake jambo ambalo hakumwambia mtu kwa miaka mingi. Kila alipofungua bandeji, alikuwa anatafuta. Alitafuta usaha, uvimbe, wekundu uliozidi, chochote cha kushika mkononi na kusema, haya, tazameni mlichofanya. Hakikuwepo. Kidonda kilipona vizuri kama kwenye picha za vitabu, na siku ya tisa mtoto alikuwa anarusha miguu na kucheka. Bi Gramu alikaa ukingoni mwa kitanda akalia kwa hasira, kwa sababu mwanawe amepona.

Alipojaribu kueleza hakueleweka. Dada yake alimwambia, "Mtoto mzima wa afya, unalilia nini?" Mwenzake ofisini akasema wengine wanahangaika na jambo hilo wakiwa wanaume wazima, yeye amepata bahati. Sokoni walikuwepo waliompinga Sista na waliomuunga mkono, na wote walibishana juu ya faida na hasara, usafi na maumivu, kana kwamba hilo ndilo lililomkaba. Hakuna aliyeuliza kwa nini mlango wake ulifunguliwa akiwa hayupo. Mtoto angekuwa na kovu baya angepata wa kumlilia. Kwa kuwa hakuwa nalo, kinyongo kilibaki chake peke yake, akakitunza vizuri kama mawe yake ya shaba.

Kwanza alimnyang'anya Sista mtoto. Aliporudi kazini alimpeleka mwanawe kwa mlezi mtaa wa pili, na kila asubuhi alipita naye mgongoni mbele ya mama mkwe aliyekaa mlangoni akichana nywele. "Shikamoo, mama," alisema, na kupita. "Marahaba," Sista alijibu, mikono haina kitu cha kushika ila kitana. Hilo liliendelea wiki baada ya wiki. Sista hakuomba hata mara moja, na Bi Gramu alingoja kwa hamu siku ambayo angeomba.

Kisha akaigeukia zahanati mwanawe alikotahiriwa. Haikuwa kwenye ratiba ya mwezi ule. Aliiandika mwenyewe kwa kalamu, chini kabisa ya orodha, na akafika pale asubuhi na sanduku lake. Tabibu alikuwa kijana mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi. Alimkaribisha kwa adabu, asijue ni nani. Bi Gramu aliweka mawe kwenye mizani ya watoto moja baada ya jingine, na moyo wake, alikiri baadaye, ulikuwa unaiomba mizani ile ikosee. Ilikosea. Ilizidisha gramu mia na themanini.

"Dawa mnampa mtoto kwa uzito wake, au nimekosea?" alimuuliza tabibu.

"Kwa uzito, ndiyo."

"Na ganzi?"

"Na ganzi pia."

"Kwa hiyo kila mtoto aliyechomwa sindano hapa amepimwa kwa uzito asiokuwa nao."

Kijana alianza kutokwa jasho kwenye mdomo wa juu. Alisema tofauti ile ni ndogo, haiwezi kudhuru. Bi Gramu alijua hivyo. Akafungia mizani, akabandika karatasi nyekundu, kisha akasema, "Nipe daftari la tohara nione uzito mlioandika." Hakuwa na haki ya kuliona daftari lile, na alijua hana. Lakini mtu aliyeshikwa na kosa moja haulizi haki, akalileta.

Alipekua mpaka akafika tarehe ile. Jina la mwanawe, umri, uzito wa uongo, na mwisho wa mstari, chini ya maneno "idhini ya mzazi", ilikuwepo sahihi yenye mkia uliojikunja kama waya wa jokofu. Aliifahamu sahihi hiyo. Ilikuwa kwenye cheti chake cha ndoa. Na tarehe iliyoandikwa pembeni yake ilikuwa ya siku moja kabla ya ile ya mahakama.

Alifunga daftari, akashukuru, akatoka. Nje walikuwepo akina mama sita na watoto wao mapajani, wakaambiwa kliniki ya uzito imefungwa, waende hospitali kubwa, upande wa pili wa mji. Mmoja alimtazama Bi Gramu na sanduku lake, akakunja khanga, akaanza safari. Bi Gramu alijitia kutafuta kalamu mkobani mpaka wakaisha kupita.

Hakumwambia mumewe alichokiona. Aliona ni tamu zaidi kukaa nacho. Mara moja kwa wiki, wakati wa kula, aliuliza kwa upole, "Hivi baba watoto, mama alipataje ile idhini? Zahanati si wanataka sahihi?"

"Sijui. Labda aliweka yeye," fundi alijibu, macho kwenye sahani.

"Labda," Bi Gramu alisema, na kumwongezea mchuzi.

Miezi ikapita. Mtoto alikuwa ameanza kusimama kwa kushika viti, siku Sista alipoteleza bafuni. Alivunjika mfupa wa juu wa mkono wa kulia, karibu na bega. Hospitali walimfunga mkono kifuani, wakampa vidonge vikali vya maumivu, wakasema wiki sita asiutumie. Bi Gramu akaomba likizo kumuuguza.

Majirani walimsifu. Walisema mkwe wa namna hiyo ni wa kuigwa, kwamba ameweka kinyongo pembeni, na kweli mgonjwa aliogeshwa, alilishwa, alibadilishiwa shuka, dawa alipewa kwa saa. Ila hakuulizwa kitu. Bi Gramu hakuuliza kama chai iwe ya moto au ya vuguvugu, dirisha liwe wazi au lifungwe, mto mmoja au miwili. Alifanya, kisha akasema, "Ni kwa faida yako, mama." Sista alimwelewa mapema. Hakulalamika. Jambo moja tu aliomba, siku ya nne, kwa sauti ambayo Bi Gramu hakuwahi kuisikia kwake: "Nisaidie nywele, mwanangu. Mkono mmoja sizifikii."

"Nitazishughulikia," Bi Gramu alisema.

Alikwenda ofisini mara moja tu wakati wa likizo ile, akakaa mbele ya kompyuta, akachapa mistari mitatu. Kisha akapita karakana ya mumewe. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu kubwa la bucha, bisibisi mdomoni, mtungi wa gesi kwapani.

"Weka sahihi hapa," alimwambia.

"Za hospitali?"

"Za mama."

Fundi alifuta mkono kwenye suruali, akaegemeza karatasi kwenye mlango wa jokofu, akaweka sahihi pamoja na ule mkia wake. Hakusoma hata neno. Bi Gramu alikaa sekunde chache pale, akimpa nafasi ya kuiomba tena aisome. Hakuiomba.

Jumamosi alasiri Sista alilala kwenye kiti cha kuegemea baada ya vidonge, kichwa kimeinamia upande. Bi Gramu alitandika shuka sakafuni. Alileta mkasi wa kukatia vitambaa, mkali, na chupa ya spiriti, akaufuta mkasi mbele na nyuma. Aliushika ule msuko uliolegea, uliokuwa haujachanwa kwa siku saba, akaukata kwenye shingo. Mkasi ulisaga kama unakata kamba. Kisha akasawazisha pande zote mpaka kichwa kikabaki na nywele za urefu wa nusu kidole. Ilichukua kama dakika kumi. Sista alikoroma kidogo, akanyamaza. Kwa mazoea ya kazi Bi Gramu aliupeleka ule msuko jikoni akaupima: gramu mia mbili na kumi na mbili. Akauweka juu ya meza ndogo, karibu na kiti, akakaa kumngoja mwenyewe aamke.

Sista aliamka na kupeleka mkono wa kushoto shingoni, kama mtu anayefukuza mbu. Mkono ukasimama. Ukapanda kichwani taratibu, ukashuka. Kisha akauona msuko mezani.

"Nimekuondolea mzigo," Bi Gramu alisema. "Nywele ndefu kwa mgonjwa zinashika jasho, zinaleta upele, na usafi wake ni mgumu. Ni dakika kumi tu. Hata hukusikia."

Sista aliugusa msuko kwa ncha za vidole. Machozi yalimlengalenga, hakuyaruhusu yaanguke. "Nani alikubali?" aliuliza mwishowe.

Bi Gramu alikuwa ameingoja sentensi hiyo kwa muda wa mimba nzima na zaidi. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaisoma kwa sauti ya ofisini: "Mimi, mtoto wa mgonjwa, nimeelezwa faida za kiafya za kukata nywele za mama yangu, na ninakubali zikatwe." Akamgeuzia aione sahihi.

"Zinarudi nywele," Sista alisema polepole. "Unajua zinarudi."

"Ndiyo. Za kwako zitaota."

Ni wakati huo fundi aliporudi kutoka kazini. Alisimama mlangoni, akamwona mama yake, akaona msuko, akaona karatasi mkononi mwa mkewe. "Mmefanya nini humu?"

"Umefanya wewe," Bi Gramu alisema. "Sahihi yako hii. Na ya zahanati nayo nimeiona. Nimeiona miezi sita sasa, nakaa nakusikiliza unavyoniambia labda aliweka mama."

Aliyeongea alikuwa Sista, na hakuongea na mkwe wake. "Uliniambia utamwambia mwenyewe," alimwambia mwanawe. "Ulikuja chumbani kwangu ukasema, mama peleka tu, mke wangu nitamweleza usiku, atakubali. Asubuhi yake nikakuuliza, umemweleza? Ukasema ndiyo."

"Mama..."

"Nilijua siku hiyohiyo alipofungua nepi. Niliona sura yake nikajua hukumweleza. Nikasema mwache anichukie mimi, mimi ni mzee, wewe una nyumba ya kujenga."

Karatasi ilikuwa bado mkononi mwa Bi Gramu. Alikuwa ameipima hesabu ile mara elfu, na kumbe jiwe moja lilikuwa bandia tangu mwanzo. Si kwamba mama mkwe alikuwa hana kosa. Ni yeye aliyesukuma, yeye aliyembembeleza mwanawe asiyejua kukataa, na siku ile mezani alikuwa amesema mtoto ni wenu. Lakini miezi yote ya kupitishiwa mtoto mlangoni aliikubali kwa niaba ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa akila mchuzi.

"Ungeniambia, mama," alisema.

"Ungeniuliza," Sista alijibu. "Na wewe hukuniuliza. Ulikuja na mkasi."

Wiki iliyofuata binti wa Sista alikuja kumchukua mama yake, akamtazama wifi yake kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno. Sista aliondoka na kilemba kichwani, bila kuaga kwa ubaya wala kwa wema. Msuko aliuacha mezani.

Fundi hakufukuzwa, ingawa kuna siku alitamani afukuzwe. Bi Gramu alimpa adhabu ndogo na ndefu. Tangu siku ile, karatasi yoyote iliyohitaji sahihi yake aliletewa mezani, na kabla ya kushika kalamu aliambiwa neno moja: "Soma." Asome kwa sauti, yote, mpaka maandishi madogo ya chini. Alisoma fomu za umeme. Alisoma masharti ya dhamana ya kompresa ya jokofu, kurasa kumi na moja, mpaka sauti ikamkauka, mkewe amekaa mbele yake anamenya vitunguu na kusema, "Umeruka mstari." Mwaka mzima. Wateja waliokuja na stakabadhi, wakimsikia akisoma kwa sauti, walidhani ni mtu wa dini.

Na mtoto? Mtoto alikuwa mzima. Alikimbia, akavunja vikombe, hakuugua njia ya mkojo, na hakuna mtu duniani anayeweza kusema kama angeugua au asingeugua. Hilo nalo lilimuudhi Bi Gramu. Kipimo chake hakipo.

Baada ya miezi minane Sista alirudi kuwatembelea. Mkono ulikuwa umepona. Alivua kilemba sebuleni mbele ya wote, na nywele zilikuwa fupi vilevile, hata fupi zaidi, zimenyolewa vizuri na kinyozi anayejua kazi yake.

"Hazikuota?" fundi aliuliza, kwa unyonge.

"Zimeota. Nimezikata tena," Sista alisema, akijipapasa kisogo. "Kumbe nilikuwa nabeba mzigo bure miaka yote. Kichwa chepesi, nalala vizuri, hata muwasho wa kichwa umekwisha. Mkwe wangu alikuwa sahihi. Kuna faida."

Bi Gramu alimtazama usoni kutafuta dhihaka. Hakuiona, wala hakuwa na hakika kwamba haipo. Kama mama yule amependa kweli nywele fupi, basi kisasi chote kimegeuka hisani. Na kama anasema tu, basi amelipiza vizuri kuliko yeye, bila mkasi. Aliingia jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Hilo halikutosha. Tangu siku hiyo Sista alianza kuomba ruhusa. Ziara ikageuka makazi, akarudi chumba cha nyuma, mtoto akawa anaachwa naye tena, na hakuna alichokifanya bila kumwomba idhini mama wa mtoto, kwa sauti safi ya wodini, hasa wageni wakiwepo. Aliomba idhini ya kumvalisha soksi. Aliomba idhini ya kumkata kucha, akataja faida na hasara zake. Siku moja alipiga simu ofisini, Bi Gramu akiwa kwenye kikao na mkuu wake wa kazi, kuuliza kama mtoto anaruhusiwa ndizi ya pili.

Sasa Bi Gramu ana mimba ya pili, ya miezi saba. Zahanati amepeleka barua, ameiandika mwenyewe, kwamba kwa nyumba yake sahihi moja haitoshi. Juu ya tohara hakuna aliyefungua mdomo. Sista hulitazama tumbo, akageukia kushona shuka za mtoto, na mkwe wake humtazama akishona. Jumapili iliyopita walikuja wageni wanne, majirani, wamejaa sebuleni na vikombe vya chai. Mtoto akatokea mlangoni na makamasi mawili marefu.

"Mama mtoto," Sista alisema, ameshainua leso, ameisimamisha hewani, "naomba idhini nimpenge mwanao kamasi."

Wageni waligeuka wote kumtazama Bi Gramu. Kamasi lilikuwa linashuka. Alijua kabisa kwamba neno moja tu, mama tumeshachoka tuache, lingemaliza mambo. Alijua pia kwamba Sista analingoja neno hilo, na kwamba atakayelisema kwanza ndiye atakayekuwa ameshindwa.

"Idhini imetolewa, mama," alisema. "Pua ya kushoto kwanza."